Binti Akitaka Kuchekesha Watu, Wazazi Waseme Nini?

  

Ndugu msomaji, katika nikaha moja niliyoalikwa, sisi wanaume tulikuwa barazani tukingojea sinia za biriani, na wanawake walikuwa ndani. Khutuba ilikwishasomwa, mahari ilikwishatajwa, na kilichobakia kilikuwa ni njaa tu. Mara huko ndani kikalipuka kicheko. Kikatulia. Kikalipuka tena kikubwa zaidi, hata mzee mmoja aliyekuwa akisinzia pembeni yangu akafumbua macho, akauliza: "Hawa wenzetu wamepewa nini?"

Baadaye niliambiwa kuwa aliyekuwa akiwachekesha ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alisimama katikati ya chumba akamwigiza mama mkwe aliyekwenda kumtembelea mkaza mwana wake. Mama mkwe huyo kila akifungua kinywa huanza kwa kusema, "Mimi sina neno, mwanangu." Kisha neno hilo asilokuwa nalo huchukua saa nzima: linaanzia kwenye masufuria, linapita kwenye mapazia, linaishia kwa wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Nasikia kina mama wakwe waliokuwapo ndio waliocheka kuliko wote, kila mmoja akimtazama mwenziwe.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika, kwani katika pwani yetu hakuna harusi isiyokuwa na mwanamke mmoja mwenye ulimi wa namna hiyo. Lakini baada ya wiki mbili binti alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha. Akaniamkia shikamoo, akakaa, akanywa chai yote bila ya kusema kitu. Kisha akanieleza kwamba kikundi cha wachekeshaji wa mjini kimemwalika kupanda jukwaani. Ukumbi ni wa watu wote, wake kwa waume, na kiingilio hulipwa mlangoni. Baba yake hajui.

"Mjomba," akasema, "nimwambie au nisimwambie?"

Nililizingatia swali hilo usiku kucha. Hakuniuliza kama jambo lile ni halali au ni haramu, ingawa ana masheikh wa kuwauliza na amesoma madrasa kuliko wengi wetu. Aliuliza habari za baba yake.

Naamini swali la mpwa wangu limo katika nyumba nyingi za Waislamu, hata kama halijatamkwa. Vichekesho vya jukwaani, ambapo mtu husimama peke yake na kipaza sauti akisimulia maisha yake, vimekuwa kazi inayolipa. Vijana wetu wanaitazama kazi hiyo kwenye simu kila siku, na wapo mabinti wenye hijabu wanaoifanya mbele ya macho ya dunia. Fatiha El-Ghorri, binti wa London ambaye wazazi wake wametoka Morocco, mwaka 2025 alionekana katika kipindi mashuhuri cha Taskmaster cha televisheni ya Uingereza akiwa na hijabu yake. Kabla yake alikuwapo Shazia Mirza, mzaliwa wa Birmingham mwenye wazazi wa Kipakistani, aliyekuwa mwalimu wa sayansi na ambaye miaka yake ya mwanzo jukwaani alijifunika. Mzazi anayedhani kuwa binti yake hajawahi kuliwaza jambo hili, na amwangalie tena.

Kwanza tuliondoe pazito moja. Wapo wanaosema kicheko chenyewe si katika heshima ya Uislamu. Hao wamesahau kwamba katika Suratun Najm, aya ya 43, Mwenyezi Mungu anajitaja kuwa ndiye anayewafanya waja wake wacheke na ndiye anayewafanya walie. Mtume (S.A.W.) alifanya mzaha na Masahaba zake, nao walipomstaajabia aliwajibu kwamba hasemi ila kweli. Mtu aliyemwomba mnyama wa kupanda aliambiwa atapewa mtoto wa ngamia, naye akafadhaika asijue mtoto wa ngamia atamfaa nini, hata alipokumbushwa kuwa kila ngamia mkubwa ni mtoto wa ngamia mwingine. Na Imam Ibnul Jauzi wa Baghdad, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1201, ambaye mawaidha yake yaliwaliza maelfu, aliandika kitabu kizima cha habari za wapumbavu na walioghafilika.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mama yetu Sauda binti Zam'a (R.A.). Ibn Saad katika Tabaqat ameleta riwaya ya Ibrahim An-Nakhai, naye ni tabiina, kuwa Bibi Sauda alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba usiku uliopita alisali nyuma yake, na rukuu ikawa ndefu hata yeye akaishika pua yake akichelea isije ikatoka damu. Mtume (S.A.W.) akacheka. Na mpokezi anaongeza kuwa Bibi Sauda alikuwa na kawaida ya kumchekesha mara kwa mara. Basi katika nyumba ile iliyokuwa ikishukiwa na Wahyi alikuwamo mwanamke mchekeshaji, na mwenye nyumba akifurahi.

Itazame vizuri pua ile, ndugu msomaji, maana nitairudia.

Kuhusu sauti ya mwanamke, sitarefusha. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, ni kwamba sauti yake kwa asili yake si uchi. Kilichokatazwa katika Suratul Ahzab, aya ya 32, ni kulegeza maneno hata mwenye maradhi moyoni akaingiwa na tamaa. Khaula binti Tha'laba alimjadili Mtume (S.A.W.) kuhusu mumewe, na sura nzima ya Qur'ani ikaitwa kwa jina la mjadala ule. Hata hivyo masheikh wengi hawaridhii jukwaa la mchanganyiko, usiku, katika ukumbi usiojulikana adabu zake, nami siwezi kuwalaumu. Bibi zetu walikuwa na lelemama na vugo, na Mombasa vyama vya lelemama vilirushiana mafumbo makali kuliko lolote linalosemwa leo kwenye kipaza sauti, lakini ulikuwa uwanja wa wanawake wenyewe. Mtu akimwambia binti yake, "Anzia huko," hajamwonea.

Hayo ya hijabu, sauti na ukumbi ndiyo tunayoyapigia kelele. Mimi naona shida kubwa iko pengine. Mchekeshaji wa jukwaani anachekesha kwa kitu gani? Kwa baba yake. Kwa mama yake, kwa wifi, kwa shangazi aliyeachika, kwa mjomba mwenye madeni (na hapa nilimtazama mpwa wangu kwa makini). Malighafi ya kazi hii ni nyumba. Sasa tazama jinsi sharia inavyombana mtu huyu. Akitunga uongo ili watu wacheke, yuko chini ya ile hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, yenye onyo la maangamizi lililokaririwa kwa mtu wa namna hiyo. Akisema kweli juu ya mtu anayejulikana, na kweli hiyo mwenyewe anaichukia, hiyo ndiyo ghiba, kwani Mtume (S.A.W.) aliieleza kuwa ni kumtaja nduguyo kwa analolichukia hata kama analo. Uongo umefungwa upande huu, na kweli ya watu imefungwa upande ule. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza dharau na ikawataja wanawake peke yao, wasidharauliane.

Amebakiwa na nini basi? Amebakiwa na pua yake. Bibi Sauda alichekesha kwa udhaifu wa nafsi yake, tena ulikuwa wa kweli, tena alimwambia yule yule aliyehusika na urefu wa rukuu. Hakwenda kuwasimulia majirani kwanza.

Wazee wetu wa nchi hii waliyajua haya kwa njia nyingine. Utani wetu, huu wa makabila, wa mabibi na wajukuu, wa mashemeji, una maneno ambayo ukimwambia asiye mtani wako mtakutana barazani kwa mjumbe. Mtani anaingia msibani akamsimanga maiti kwa ubahili, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Kinachouruhusu ni kwamba na wewe kesho utakwenda kwake ukafanya hivyo hivyo. Utani hurudishwa. Jukwaani haurudishwi. Shangazi anayesimuliwa hayupo ukumbini, na kama yupo hana kipaza sauti. Watu mia mbili wanamcheka, naye anajua Jumatatu sokoni. Hapo ndipo binti anapohitaji mtu mzima wa kumwambia, "Hili ni letu, usiliuze," na mtu huyo hawezi kuwapo ikiwa jambo lenyewe limefichwa.

Nisieleweke vibaya. Zipo siri za nyumbani ambazo kuzitaja si ghiba. Imam An-Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazoiruhusu, na miongoni mwake ni kushitaki dhulma na kutahadharisha watu. Wako wanaolitumia jukwaa kwa kazi hiyo, na hapa nataka kumtaja mwanamke wa mbali ambaye kwa asili si wa mbali sana nasi.

Sakdiyah Ma'ruf amekulia Pekalongan, mji wa pwani ya kaskazini ya Java ya Kati nchini Indonesia, unaosifika kwa vitambaa vya batiki. Ametoka katika jamii ya Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Waarabu wa Java wengi ni Wahadhrami; merikebu zilizowaleta babu zao huko na zile zilizowaleta wengine Lamu, Mombasa na Unguja ziliondoka pwani moja. Wasomaji wetu wenye damu hiyo watazitambua nyumba za Pekalongan bila ya kuzitembelea: nasaba inayohifadhiwa, baba ambaye neno lake ndilo la mwisho, na swali la binti ataolewa na nani linaloanza kabla hajamaliza shule. Katika jamii hizo swali hilo si dogo. Mwaka 1913 sheikh wa Kisudani, Ahmad Surkati, alitoa fatwa kwamba binti wa kisharifu anaweza kuolewa na Mwislamu asiyekuwa sharifu, na Waarabu wa Java wakagawanyika kwa neno hilo, hata mwaka uliofuata ikazaliwa jumuiya ya Al-Irshad.

Binti wa jamii hiyo alikwenda kusoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, mjini Yogyakarta, na mwaka 2009 akaanza kupanda jukwaani, hijabu kichwani. Alichekesha kwa mambo yasiyochekesha: wasichana wanaoozwa wadogo, wake wanaopigwa, watu wanaotumia dini kutisha wengine. Wakubwa wa televisheni walipomtaka ayapunguze makali maneno yake, alikataa. Mwaka 2015 alipewa mjini Oslo tuzo iliyobeba jina la Václav Havel, na mwaka 2018 BBC ilimweka katika orodha yake ya wanawake 100 wa mwaka huo.

Najua wako watakaosema kwamba tuzo za Ulaya hazitolewi bure, na kwamba Mwislamu anayewakosoa Waislamu hupata jukwaa upesi kuliko anayewasifu. Hilo lina ukweli ndani yake, na binti anayeingia katika kazi hii alijue mapema: wako watakaomshangilia si kwa kuwa amechekesha, bali kwa kuwa amewafurahisha kwa kutucheka sisi. Lakini la Pekalongan siwezi kulikataa kwa sababu hiyo. Mtoto wa kike kuozwa kabla ya wakati na mke kupigwa ni dhulma, na anayeisema kwa mzaha amesema. Pia hakuvua hijabu ili apate jukwaa, wala hakulitumia jukwaa kuikimbia jamii yake. Alibaki ndani akasema. Ni kazi nzito kuliko kuondoka.

Sasa nirudi kwa wazazi, maana nimewasema watoto vya kutosha.

Tujiulize kwa nini mpwa wangu alikuja kwa mjomba badala ya kwenda kwa baba. Shemeji yangu si mkali. Ni mtu wa msikitini, mtaratibu, hajapata kumpiga mtoto wake. Lakini anaogopa maneno ya watu, na mtoto anaijua hofu ya baba yake kabla haijatamkwa. Itakuja posa, na mama wa kijana ataulizia kama kawaida, aambiwe, "Ndiye yule anayechekesha watu ukumbini." Posa itarudi ilikotoka. Hofu hii tusiidharau. Hana fedha ya kumwachia binti huyu zaidi ya jina.

Ila tuwe wakweli. Marehemu Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, alituchekesha miaka na miaka, na alipofariki Agosti 2018 Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu walimlilia. Sikupata kusikia hata siku moja mtu akisema kazi ile iliharibu jina la ukoo wake. Mwanamume akichekesha ana kipaji, mwanamke akichekesha hana haya. Kipimo cha kweli na dharau nilichokitaja hapo juu hakikubagua, na mwanamume anayesimulia siri za mkewe jukwaani ana swali zito la kujibu, wala hatumuulizi. Tunamlipa kiingilio.

Na yuko mzazi anayesema "hapana" kabla ya sentensi kwisha. Anadhani amelifunga jambo. Amejifungia yeye nje, kwani binti atakwenda ukumbini akiwa amesema anakwenda kwa rafiki yake kusoma, atapanda pikipiki usiku peke yake, na litakapomfika lolote huko, baba ndiye mtu wa mwisho atakayempigia simu. Jambo ambalo huenda lilikuwa na shubha moja limekwishakuwa na tatu.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba amwambie, lakini asianze kwa kumwomba ruhusa. Amsimulie kwanza vile vichekesho vyenyewe, vyote, kama atakavyovisema ukumbini. Akiona kuna kimoja ambacho hawezi kukisema mbele ya baba yake, basi ajiulize kwa nini anataka kukisema mbele ya watu mia mbili.

Alhamisi iliyofuata, baada ya Maghribi, tulikaa sebuleni kwa shemeji yangu: baba, mama, kaka yake na mimi. Binti alisimama karibu na kabati la vyombo, mikono ikimtetemeka. Alianza na mama mkwe asiyekuwa na neno, na dada yangu akacheka hata akajifuta macho. Akaendelea na habari za jamaa yetu mmoja wa kike na talaka zake mbili. Kwa kweli kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote. Kaka yake aligaragara kwenye zulia.

"Hilo toa," akasema mama yake.

"Lakini, mama, ndilo wanalolicheka zaidi."

"Ndiyo maana."

Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mama." Akabakiwa na kimoja, na hicho kilikuwa cha baba. Alimtazama mjomba wake, nami nikaangalia dari.

Akasema kwamba baba yake akipanda boti ya kwenda Unguja huisoma dua ya safari yote kwa ukamilifu, kisha Ayatul Kursiyyu, kisha Qul-huwallahu mara tatu, akawatulizia abiria wote nyoyo zao kwa namna anavyomtegemea Mola wake. Akimaliza, anainuka taratibu, anakwenda kukaa karibu na majaketi ya kuokolea maisha.

Hakuna aliyecheka. Sisi tulioishi Septemba 2011 ilipozama Spice Islander, na Julai 2012 ilipozama Skagit, tunajua ile hofu imetoka wapi, na shemeji yangu aliwazika watu. Alikaa kimya akizungusha tasbihi yake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka sana. Aliposhika pumzi akasema, "Na Mtume hakutuambia tumfunge ngamia kwanza? Mimi namfunga wangu."

Kuhusu ukumbi hakutoa jibu usiku ule. Alisema atazungumza na mama yake binti, atamuuliza na imamu wetu, na kwamba kama safari hiyo itakuwapo, basi kaka yake atampeleka, atakaa naye na atamrudisha. Binti hakubishana. Nilipokuwa mlangoni nikivaa viatu, nikamsikia shemeji yangu anamwita arudi.

"Ile ya boti umeikosea," alimwambia. "Huwa nashika majaketi mawili. La pili ni la mama yako."